Kelele mu Waya ya Komanda

Mu ile wiki, habari yenye ilizunguka Baraka, kutoka ku soko mpaka ku mwalo ya ziwa, ilikuwa paka moja tu: interfoni ya Komanda inalia sawa muntu anakaanga samaki ndani. Bantu balikuwa banaipana kinywa kwa kinywa, mukono ku midomo, macho inacheka yenyewe. Komanda anafinya kabutoni, anasema "allo", na ku mwalo mulinzi anasikia krrrrr mpaka anaondoa sikio. Muntu mumoja tu njo hakucheka: Florentine, bibi ya Zakaria, fundi ya courant, ya umeme. Ye alijua kelele inatoka wapi. Ilikuwa inatoka chini ya muguu yake.

Maneno ilikuwa hivi. Komanda alijiweka kule juu, mu nyumba ya zamani ya bazungu ba pamba, na groupe yake kubwa, mashini ya kutoa courant. Waya moja ilikuwa inatoka pale, inashuka na avenue, inapita kwa Zakaria, inaenda kuishia ku kibanda ya basoda, baaskari yake, pa mwalo. Basi, hakuna nyumba ingine yenye courant. Zakaria alipewa juu njo ye alikuwa anachunga groupe, na juu bibi yake alikuwa anashona mapantalo ya basoda bila kulipwa hata kipande ya sabuni. Kisha Komanda akapata tusanduku tubili, kwa nani, hakuna mwenye aliuliza. Unachomeka kamoja ku prise huku, kengine ku prise kule, unasema, na sauti inatembea mu ile ile waya yenye inawasha lampe. Turadio twabo twa mukono tulikuwa tumekufa mabatteri. Ile interfoni njo ilikuwa masikio ya Komanda.

Masikio ya kusikia nini? Hesabu ya bichwa. Saa kumi na mbili ya mangaribi, bavuvi ba ndagala, tusamaki tudogo, banaingia mu ziwa na malampe yabo, na mulinzi pa mwalo anahesabu. Mutumbwi ya bantu sita ikienda na bantu sita, muzuri. Ikienda na tisa, batatu banakimbia ngambo ya ziwa, na Komanda alikataza muntu kutoka. Mulinzi anafinya kabutoni, Komanda anafungua depo, juu essence, mafuta ya hors-bord, ile mashua ya moteri, ilikuwa inalala kwake mwenyewe, hakuamini basoda yake, na hors-bord inaenda kubafata. Bila interfoni, mulinzi anapanda mulima na miguu. Nusu saa. Mu nusu saa mutumbwi iko mbali, giza imeshaimeza.

Ile siku ya kwanza ya interfoni, mashini ya kushona ya Florentine iliisumbua. Ilikuwa na moteri kadogo kenye Zakaria alikafunga ye mwenyewe, na tule tukaa twa ndani, twa kupitisha courant, tulikuwa tumechoka, tunatoa tumoto-moto. Zakaria akaleta kondensateri, kakifaa ka kumeza kelele, kadogo sawa kipande ya biki ya kuandikia, akakafunga ku moteri, kelele ikafa. Alitembea na ile habari siku mbili, sawa dokta mwenye alifufua muntu. Kisha mu mwezi wa tatu bakakamata familia ya Raphaël mu ziwa, baba, mama na batoto, na bakabarudisha pa mwalo mu macho ya bantu bote. Kesho yake Florentine akachukua makasi, akafungua kale ka kondensateri, akakatupa mu kopo ya mabutoni. Hakuambia muntu, paka Hawa tu.

Hawa alikuwa bibi ya Useni, mwenye mutumbwi. Kila mara Useni alitaka kubeba bantu, Hawa alikuja siku moja mbele kupima robe, na kesho yake, saa ya bavuvi, Florentine alikanyaga mashini.

Siku ya kine ya ile wiki, Hawa aliingia saa sita na ile robe yake ya kijani ku bega. Mu nyumba Eddy alikuwa anakaa ku banco, soda kijana mwenye mashavu, amejifunga kikwembe ya Florentine ku kiuno, anangoja pantalo yake. Alikuwa na pantalo moja tu.

"Mama Hawa, tena?" Eddy akasema. "Hii robe haiishake? Itaisha ukiwa tata mwenye mvi."

"We funika magoti yako kwanza," Hawa akamujibu. "Bantu bazima banapita pa njia, bataona muke mupya kwa Zakaria."

Eddy akacheka, akavuta kikwembe. Florentine akamusimamisha Hawa pa dirisha, akaanza kumupiga mapini ku mugongo, mapini mu midomo kusudi asijibu kintu. Hawa akasema polepole, uso inaangalia inje:

"Kesho. Bantu batatu. Na Aline iko ndani."

Pini moja ikaanguka.

Aline ni mudogo yake Florentine, tumbo moja, miaka kumi na munane. Komanda alimuona ku kisima mara moja tu, akatuma neno kwamba akuje kumupikia. Komanda alikuwa na bapishi babili banaume tayari, na kila muntu mu Baraka alijua. Basi bakasema Aline ameenda Lusenda kuchunga shangazi mugonjwa. Siku tisa sasa alikuwa amefungiwa mu jiko ya Hawa, anakohoa mu mukono.

"Kesho saa ngapi?" Florentine akauliza na mapini mu kinywa.

"Saa ya bavuvi. Mpaka kumi na mbili na nusu Useni atakuwa amepita macho ya mulinzi." Hawa akajigeuza, akasema kwa sauti ya bote: "Huku kwa kifua inanibana, Mama Tania. Utaifungua tena."

"Tena," Eddy akasema, akashika kichwa. Hawa akatoka, na Florentine akarudi ku mashini, akashona pantalo ya Eddy, courant ya muchana ikiwa bado inawaka.

*

Zakaria alirudi saa kenda, shati imekamatana na mugongo. Hakukaa. Alikunywa maji, akabaki na kopo mu mukono, anaangalia ndani sawa kuko kintu.

"Aliniambia niimbe," akasema.

"Nani?"

"Komanda. Anasema kama kasanduku kanakataa kusema, labda kanataka wimbo. Mi naimba kule juu, mulinzi anapiga mukono kule chini kama amesikia, na muntu iko njiani anaangalia mukono. Nikaimba wimbo ya kanisa. Hakuna mukono. Anasema imba tena."

"Mara ngapi?"

"Ine. Basoda balikuwa bamekaa ku ngazi, banacheka. Mara ya ine nikasahau maneno." Akaweka kopo chini. "Anasema ni muntu. Anasema kifaa haiwezi kuwa muzima asubui na mugonjwa mangaribi, siku zingine ndiyo, siku zingine hapana. Kuko muntu anafanya makusudi, na kama si mi, basi mi njo nitamuonyesha. Kesho saa moja ya mangaribi isiposema, naingia mu shimo."

Florentine hakuuliza shimo gani. Henri, mwenye alichunga groupe mbele ya Zakaria, aliingia mule na miguu yake na alitoka amefungwa mu mukeka.

Neno ilifika ku ulimi yake, ilifika kabisa. Lakini alimuangalia ule bwana yake. Zakaria alikuwa hajui kudanganya. Hata akikula sukari ya mutoto, alikuwa anaanza kukwaruza shingo mpaka unamuonea huruma, na Tania, mutoto yabo mwenye miaka tano tu, sasa iko Nundu kwa tata yake, alishajua kumukamata. Ukimuambia leo, kesho Komanda atasoma ku shingo yake sawa gazeti.

"Umeangalia waya yote?" akauliza tu.

"Kesho napanda mapoto yote ya waya. Nitafungua kila pahali inaungana." Akasogea ku mashini, akapiga moteri na kidole bila kuinama. "Hii tu njo siangalie. Hii niliitengeneza."

Florentine akafanya hesabu yake peke yake, anapepeta maharagi. Groupe ya mangaribi inawaka kumi na moja. Bavuvi banaingia kumi na mbili. Mpaka kumi na mbili na nusu anashona. Kisha anafungua moteri, anarudisha kondensateri, dakika kumi, hata tano. Saa moja Komanda anasema allo, mulinzi anapiga mukono, Zakaria anarudi nyumbani. Nusu saa kati ya mudogo yake na bwana yake. Ilikuwa inatosha. Akairudia ile hesabu mpaka maharagi ikaisha, akaanza kupepeta yenye alishapepeta.

*

Siku ya tano Zakaria alipanda mapoto tangu asubui, Eddy chini na bunduki, anakula miwa. Kila pahali waya inaungana alifungua, akasugua, akafunga tena. Saa kumi na moja groupe ikaunguruma kule juu, lampe ya Florentine ikawaka. Akangoja. Kumi na moja na nusu akaweka pantalo ya soda mu mashini, akakanyaga.

Sasa sikia kintu yenye hakuwaza. Zakaria alikuwa na karadio kadogo ka kusikilizia habari. Alikuwa amesimama pa mwalo, jasho mu macho, hajui tena kitu ya kufanya, na akakawasha juu tu ya kusikia saa. Karadio kakasema krrrr. Akapiga hatua mbili karibu na waya: krrrr ikapanda. Akarudi nyuma: ikashuka. Zakaria akasimama pale mudomo wazi. Akakaweka ku sikio, akaanza kufata waya polepole, sawa muntu anafata harufu ya chakula.

Florentine alimusikia mbele ya kumuona. Mu avenue, mbali, kulikuwa na sauti ya mashini yake, lakini haikutoka ku mashini yake. Akipunguza muguu, ile ya inje inapunguza. Akikanyaga, inalia. Akainua muguu.

Kule inje ikanyamaza.

"Imekufa," Zakaria akasema. Sauti ilitoka karibu na nyumba ya muuza chumvi.

"Basi imepona," Eddy akasema. "Tuende tukule."

"Ngoja. Haiponake yenyewe."

Ku ukuta saa ilikuwa inasema kumi na mbili na dakika mbili. Bavuvi sasa njo banasukuma mitumbwi. Aline amelala chini ya nyavu, tumbo ku maji ya chini ya mutumbwi, anashika kinywa asikohoe. Florentine akaangalia mulango. Akakanyaga.

Karadio kakalia. Hatua zikakuja. Zikapita nyumba ya muuza chumvi, zikapita kisiki, na Zakaria akajaza mulango, karadio ku mukono inapiga kelele mpaka inatetemeka.

Aliangalia karadio. Aliangalia mashini. Kisha macho yake ikashuka ku moteri, ku pahali kondensateri ilikuwa inakaa, na pale kulikuwa paka tuwaya tubili tu, uchi, tumekunjwa muzuri, kazi ya mukono yenye inajua kushona. Florentine hakuondoa muguu. Hakuweza. Bakaangaliana juu ya pantalo ya soda, na Zakaria akapandisha mukono polepole, akakwaruza shingo.

Eddy alikuwa nyuma yake, ameegama ku ukuta, anatoa jiwe mu boti.

"Basi?" akauliza.

Zakaria akazungusha kale kagurudumu ka karadio mpaka ikatokea muntu anasoma habari ya mbali, bei ya kahawa.

"Si hapa," akasema. "Hapa batteri tu njo inalia. Kelele iko juu."

"Juu wapi?"

"Kwa Afande."

Eddy akavaa boti yake na mguno. "Fundi, we unataka kufa na mudomo yako mwenyewe."

"Ni congélateur yake, ile friji ya kugandisha samaki. Ikiwaka, kelele. Ikipumuzika, kimya. Njo maana siku zingine ndiyo, siku zingine hapana. Twende, naichomoa mbele ya macho yake, atasikia." Akageukia ndani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kila siku, lakini mukono yake ilikuwa bado ku shingo. "Mama Tania, courant itakatika kidogo. Ikirudi, pumuzisha muguu kwanza. Mashini isiungue."

Akamuelewa. Neno kwa neno alimuelewa. Na ye Zakaria hakujua. Hakujua nani iko mu ziwa.

"Baba Tania," Florentine akasema, "nguo ya Aline haijaisha."

"Itaisha kesho."

"Alisema leo. Leo saa hii."

"Kesho, nimesema."

"Aline?" Eddy akauliza, akaingiza kichwa. "Si mulisema iko Lusenda?"

Mashini iliendelea kulia. Florentine aliona pua ya Eddy, mashavu yake, ule utamu wa miwa ku midomo, na aliona pia bunduki.

"Njo iko Lusenda," akasema. "Nilitaka kumutumia na ule muntu ya basikeli. Anaondoka leo."

"Basikeli gani ya saa hii? Atakutana na sisi basoda ku barrière ya njia, atalala pale."

"Basi itaisha kesho," Florentine akasema.

Eddy akaangalia pantalo yenye ilikuwa mu mashini. Ilikuwa ya mukubwa yake. "Na yangu mufuko inatoboka tena," akasema, akatoka. Zakaria alishatangulia, anatembea haraka, mugongo wima sawa muntu anaitwa kupewa zawadi.

*

Kutoka nyumba ya Zakaria mpaka kwa Komanda ni dakika saba ukitembea sawa soda. Florentine alishona zote saba. Alishona muguu ya pantalo mpaka ikajifunga, akaendelea juu ya ile ile mushono, uzi juu ya uzi.

Kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Lampe ikakufa, mashini ikasimama.

Mu ile giza alihesabu. Kule juu Zakaria amekata. Sasa anasema: Afande, tunachomoa congélateur, tunarudisha courant, utasikia we mwenyewe. Basoda bamesimama. Komanda anashika kasanduku. Na kule chini Useni anapiga kasia, na upepo ya leo ilikuwa inatoka ziwani, inamurudisha. Anahitaji robo saa ingine. Labda dakika kumi. Labda alishapita, akiwa alitoka wa kwanza. Labda.

Lampe ikarudi.

Muguu yake ilikuwa juu ya pedali, haigusi, iko inaelea. Akikanyaga, kasanduku kanafanya krrrr mbele ya Komanda, na Zakaria iko pale, waya ya congélateur mu mukono yake, muongo bila kintu ya kujitetea. Asipokanyaga, mulinzi pa mwalo anafinya kabutoni na sauti yake inapanda waya, safi, inapita hapa hapa ndani ya ukuta ya nyumba yake: mutumbwi ya Useni, bichwa tisa.

Alisikia jina mbili mu kichwa, moja juu ya ingine, na hakuweza kusema yote mbili.

Akashusha muguu ku simenti. Ilikuwa baridi. Akaweka na ya pili pembeni, mikono mu magoti, akakaa hivyo sawa muntu anangoja zamu ku dispensaire. Akaangalia ile miguu yake. Hakuiona kama ni yake.

Haikupita dakika ishirini, hors-bord ikaunguruma.

*

Zakaria alirudi na samaki tatu za kuhe mu plastiki, ngumu sawa mawe, zinatoa mushi ya baridi. Alikuwa anacheka, na alifunga mulango na mugongo.

"Ilisema," akasema. "Florentine, ilisema. Komanda ameshika kasanduku anasema allo, na ule wa chini anajibu allo Afande, safi, unasikia hata ziwa nyuma yake. Komanda akanipiga ku bega. Akanipa samaki, anasema itaharibika kwa vile ile friji ni mbaya." Akaweka kuhe juu ya meza, akaanguka ku banco. Kicheko ikaisha. "Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Kisha ya Raphaël."

"Kisha ya Raphaël."

"Na mi naimba kule juu, na we unajua."

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Shingo yako, Zakaria."

Akaipeleka mukono, akaigusa. Ilikuwa na alama ya kucha mpaka damu. "Lakini leo nilibaweza," akasema polepole, na kulikuwa na kafuraha kadogo mu ile sauti, sawa ya mutoto.

"Aline alikuwa mu mutumbwi," Florentine akasema.

Kule mu ziwa hors-bord ilikuwa inaenda, inasimama, inaenda tena. Zakaria akainua kichwa. Ye ni muntu ya mamoteri, moteri ikikohoa popote mu Baraka, ye anajua silinda gani. Akasimama, akafungua dirisha kidogo, akasikiliza. Florentine aliangalia mugongo yake. Maji ya kuhe ikaanza kutona kutoka meza mpaka chini.

Hors-bord ikarudi kisha ya nusu saa.

"Inakuja yenyewe," Zakaria akasema. "Haivute kintu."

"Uko na hakika?"

"Moteri yenye kuvuta inalia chini. Hii inalia juu." Akafunga dirisha. "Na hakukuwa risasi. Ulisikia risasi?"

"Hapana."

"Basi."

Lakini hakukaa, na Florentine vile vile hakukaa, na samaki hakuna mwenye alipika.

*

Asubui, hata jua haijashika mabati, Florentine alienda kwa Hawa. Alipita ku mwalo. Mutumbwi ya Useni ilikuwa pale, imepinduliwa juu ya muchanga, na hakujua asome nini ndani ya ile. Bamama ba ndagala balikuwa banalalamika: jana Komanda alituma hors-bord kukusanya samaki mu nyavu ya bantu, bure, anasema ni furaha ya interfoni. Ndoo ine kwa Dorothée peke yake, mujane. Florentine alisikia, akapita. Miguu yake ilikuwa inataka kukimbia na alikuwa anaikataza.

Hawa alikuwa mu kiwanja, anaosha masufuria. Hakusimama.

"Iko ndani," akasema. "Habakuenda."

Florentine akakamata nguzo ya jiko.

"Useni alimuona bwana yako pa mwalo," Hawa akasema. "Karadio ku sikio, soda nyuma. Akasema, leo kuna kintu banatafuta. Akapindua mutumbwi. Tulituma muntu akuambie, akakuta Eddy pa mulango yako, akarudi."

Kwa hiyo jana, kumi na mbili na dakika kumi na mbili, hakukuwa muntu mu ziwa. Florentine alingoja furaha ikuje. Ilikuja, na nyuma yake kulikuwa na kintu ingine, yenye haikuwa furaha.

Aline alikuwa amekaa ku kitanda ya miti, moshi mu macho, anachambua muchele. Alikuwa amekonda. Alimuona dada yake, akaacha muchele yote, akamukamata ku shingo, akalia.

"Nilisema bamekukamata," akasema. "Kutoka hapa nasikiaka mashini yako, upepo ikiwa muzuri. Nikasikia inanyamaza. Inje hapa balisema mutumbwi haiendi, lakini we ulikuwa hujui, we ulikuwa unafikiri niko mu maji. Nikasema, dada hawezi kusimamisha ye mwenyewe. Basi bamemukamata. Nililia mpaka Hawa akanifunga kinywa na kitambaa."

Ilikuwa rahisi sana. Ilikuwa paka kunyamaza tu, kumupapasa mugongo. Hawa kule inje hata alikuwa ameacha kusugua sufuria.

"Habakunikamata," Florentine akasema. "Niliinua muguu mi mwenyewe."

Mikono ya Aline ikalegea, moja na ingine, ikarudi ku magoti yake.

"Ulifikiri niko mu ziwa."

"Njo."

"Na uliinua."

"Zakaria alikuwa mbele ya Komanda. Kasanduku kangelia, bangemuua pale pale." Alitaka kusema zaidi, dakika, upepo, labda Useni alishapita. Yote ilikuwa kweli, na hakuna yenye ilikuwa jibu.

Aline akakamata kapu, akaanza tena kuchambua muchele. Alipata jiwe, akalitupa. Alipata lingine.

"Mi pia ningefanya vile," akasema. Hakumuangalia. Akasogea kidogo ku kitanda, Florentine akapata pa kukaa, na akakaa, mabega yabo inagusana sababu kitanda ilikuwa fupi.

"Tunaenda na miguu," Aline akasema. "Useni amepata muntu ya kutuonyesha njia."

"Siku gani?"

Aline akapuliza maganda ku muchele, yote ikaruka mu moshi.

"Hapana niulize siku, dada," akasema. "Na hapana niulize njia."

Florentine akanyoosha mukono mu kapu, akaanza kutafuta mawe.